Mpima Ardhi Asiyetaka Kutangazwa

Kosa lilikuwa langu, na ninalisema mapema nisije nikaonekana najisafisha. Gari la vipaza sauti nililitafuta mimi, maneno niliyatunga mimi, na soko la Buwenge nililichagua mimi. Masaba hakutaka. Alikaa kwenye benchi langu akinitazama kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino, akasema, "Hajati, mimi sipendi kelele." Makka sijawahi kufika, lakini nimezeeka na ushungi kichwani, basi mtaa mzima hapa Jinja unaniita Hajati. Jina langu ni Twaibah.

Nina mashine ya fotokopi na kompyuta ya kuchapia barua kwenye baraza moja si mbali na soko kuu. Chumba cha nyuma yangu alikipanga Gaster Masaba, mpima ardhi, mtu wa Mbale. Baba yake alikuwa askari magereza, naye alikulia kwenye kota za askari, ndiyo maana Kiswahili kwake ni lugha ya nyumbani na Kisoga hakijui hata cha kuombea maji. Mimi Kiswahili nilikipata madrasa, nikakinoa kwa wafanyabiashara wa Kenya. Tulielewana tangu siku ya kwanza.

Kazi yake aliijua, hilo hakuna wa kunibishia. Lakini kujinadi! Kibao chake mlangoni kilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, tena alikipigilia pembeni, nyuma ya mlango unapofunguka. Mtu akimuuliza arusini anafanya kazi gani, jasho linamtoka. Na mteja akipatikana kwa bahati, Masaba anamchosha. Hasimamishi ile kamera yake ya kupimia, ya miguu mitatu, mpaka majirani wote wa shamba waitwe. Anatembea nao mpaka mzima, kila mmoja anaonyesha kwa mguu wake pale anapopajua. Jirani mmoja akikosekana, Masaba anafunga mizigo, anarudi kesho kutwa. Wenye haraka walimkimbia, na wenye mashamba siku hizi karibu wote wana haraka.

Nilikuwa namwambia, "Biashara matangazo." Ananijibu, "Hajati, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamwambia, "Kizuri gani kitajiuza kikiwa uvunguni?" Akacheka kidogo, akarudi chumbani. Nilidhani ni haya tu. Wapo watu Mungu amewaumba na haya, nami Mungu ameniumba na mdomo, nikaona tumekutana kwa kheri.

Ikafika wiki ya sita bila mtu kugonga mlango wake. Asubuhi moja akaniambia kwamba mwezi ukiisha anafunga, anarudi kwa mama yake Nakaloke, kule nje ya Mbale, akalime vitunguu. Miaka kumi na tano ya kazi, halafu vitunguu. Hasira zilinipanda, na mimi nikipandwa na hasira nafanya jambo kabla sijalifikiri. Mchana ule ule nilikwenda kwa Omollo, mwenye pikapu ya vipaza sauti viwili vikubwa inayotangaza mechi na mikutano ya dini, nikamkodi.

Masaba aliuliza tunakwenda wapi. Nikasema Buwenge, kesho ni siku ya soko.

"Si Buwenge," akasema.

"Kwa nini?"

"Twende Iganga. Twende popote. Si Buwenge."

Nikamwambia nimeshalipia, Buwenge ina wakulima wa miwa, na panapolimwa miwa hapakosi ugomvi wa mipaka. Mwisho akasema, "Kale, haya, liwalo na liwe." Nikafurahi. Mjinga mimi, nikafurahi.

Tangazo nililirekodi mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha sherehe, maana nilitaka lisikike kama redio ya Nairobi. Nalikumbuka neno kwa neno. "Mpima ardhi amefika! Gaster Masaba amefika Buwenge! Kila shamba litapimwa, kila mpaka utajulikana! Tokeni nje na karatasi zenu!"

Nilizaliwa Jinja, ningepaswa kujua. Watu wazima wa vijiji vile, Kiswahili kikubwa cha namna ile walikisikia kwenye magari ya jeshi, zama zile ambapo kuambiwa tokeni nje na karatasi hakukuwa habari njema. Na mpima ambaye hukumwita, akija kwako, maana yake kuna tajiri aliyemwita. Hayo yote nilikuwa nayajua. Ila siku ile nilikuwa nasikiliza sauti yangu tu, ilivyokuwa tamu.

Tulizunguka soko mara moja. Mara ya pili niliona wanawake wanakunja mikeka yao ya nyanya kabla ya saa sita. Mwuza samaki alifunika beseni, akamwambia mwenzake neno, mwenzake akaondoka mbio kuelekea mashambani. Nikamwambia Omollo punguza sauti. Omollo akasema, "Mama, hapa si sauti tena," akageuza usukani.

Hatukufika mbali. Barabara ya kutokea sokoni ilikuwa imejaa watu, na si watu wa kununua. Wanaume walitoka kwenye miwa na mapanga waliyokuwa wakikatia, wanawake na majembe. Mtu mmoja akaja akazima gari kwa mkono wake mwenyewe kupitia dirishani. Omollo alifungua mlango wa upande wa pili, akapotea kati ya vibanda. Simlaumu, gari lilikuwa lake lakini kichwa pia kilikuwa chake.

Masaba alishuka. Alikuwa amevaa buti na suruali ya kijani, mavazi yake ya porini, na kwa macho ya watu wale alikosa bunduki tu. Aliinua mikono.

"Mimi sikutumwa na mtu," alisema. "Natafuta kazi. Nina wiki sita sina kazi."

Kuna waliocheka, kicheko kibaya. Kijana wa panga akaiburuta ile kamera kutoka nyuma ya pikapu. Nikaanza kupiga kelele kwa Kisoga kwamba mimi ni mtoto wa hapa hapa, shangazi yangu kazikwa Buwenge, waniulize mimi. Hapo ndipo mama mmoja alipopenya mbele. Mwembamba, mrefu, jembe begani, hana haraka. Watu walimpisha wakimwita Jaja, kama tunavyowaita bibi zetu. Jina lake Namwase.

Alisimama mbele ya Masaba akamtazama usoni kama mtu anayesoma barua. Halafu akamsemesha Kiswahili, kile cha vizuizi vya barabarani, ambacho wazee wetu walijifunza kwa kuogopa.

"Afande. Wewe nakuja hapa zamani. Ulikuwa na kofia nyekundu."

Jaja akasogea hatua moja mbele.

"Wewe napima shamba ya Isiko, jirani yangu. Miaka tisa sasa. Halafu Isiko nang'oa luwanyi yangu yote, napanda miwa."

Luwanyi ni ile mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani. Mtu hawezi kuing'oa kwa bahati mbaya. Anayeing'oa ametangaza vita.

Nikaingia kati yao. "Jaja, umemfananisha! Huyu namjua, huyu hajawahi kukanyaga hapa! Wallahi!" Niliapa, tena mbele ya watu wote, kwa jambo nisilolijua.

"Hajati, nyamaza," Masaba akasema polepole. Akavua kofia aliyokuwa nayo. "Jaja, ni mimi."

Sijui kama umewahi kusikia soko zima likinyamaza. Mimi nikashika bodi ya gari. Nilikuwa nimeyaona yale mapanga muda wote, ila hapo niliyaona kwamba ni makali. Kijana aliyeshika kamera aliiinua juu ya kichwa chake ili aipasue barabarani, na mwingine akamshika Masaba kola. Masaba hakujitetea. Macho yake yalikuwa kwa Namwase.

Aliyetuokoa ni Kirunda, mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Alisema huyu mtu akifa leo, nani atasema alichokipima? Akasema kamera itakaa nyumbani kwake, na Masaba arudi siku ya tano na ushahidi wa mpaka wa kweli, mbele ya majirani wote.

"Asiporudi?" mtu akauliza.

Kirunda akanigeukia. "Huyu mama ameapa kwamba anamjua. Atuachie kitambulisho chake. Mtu akikimbia, tunakuja Jinja kwa mama."

Nikatoa kitambulisho changu cha taifa. Ningefanya nini? Mdomo uliponza kichwa, kama inavyosemwa siku zote.

Kwenye teksi ya kurudi Jinja Masaba alinieleza, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Miaka tisa nyuma alikuwa ameajiriwa na ofisi moja ya upimaji, ambayo sasa imekufa na mwenyewe amehama nchi. Alipelekwa kupima shamba la Isiko, akapima sawasawa, mpaka ukaishia kwenye luwanyi. Aliporudi, bosi akamwambia mteja anataka mstari usogee hatua kumi na mbili, upande wa yule mama. Masaba akachora upya akiwa mezani, na kiyoyozi kinampuliza, akatia sahihi yake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini ulitia?"

"Mke wangu alikuwa na mimba, nami nilikuwa na kazi. Wewe ulidhani naona haya, Hajati. Mimi nilikuwa naogopa mtu atakayelisikia jina langu."

Kesho yake alipanda gari la Mbale kwenda kulitafuta daftari lake la shambani, lenye vipimo vya kwanza, ambalo alilificha kwenye sanduku la mama yake. Aliniambia atalala usiku mmoja. Akalala usiku mmoja, akalala wa pili. Simu ikazimwa. Siku ya tatu nilichapa barua ya mteja nikamwandika mwanamume kuwa ni marehemu, na yeye amesimama mbele yangu. Nikafunga baraza, nikaenda Mbale.

Nilianza Namatala, mtaa wa Mbale alikokuwa amepanga zamani. Wanaosubiri vibarua pale barabarani walinielekeza kwa mama yake Nakaloke. Nilifika mchana. Nilimkuta uani, chini ya paa la bati, daftari mapajani, na mama yake, Mama Lillian, amekaa mlangoni amenyoosha miguu kama mtu anayezuia ng'ombe asitoke.

Sikusalimia vizuri, naomba Mungu anisamehe. "Masaba, kitambulisho changu kiko Buwenge!"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Dada yangu, huyu ni mtoto wangu wa pekee aliyebaki. Akionyesha hilo daftari, amejifunga mwenyewe. Leseni watachukua. Na jela je? Baba yake alifunga wengine maisha yake yote, sasa mimi nimpelekee chakula mtoto wangu huko huko?"

"Na mimi wakija kwangu na mapanga?"

"Wewe si ndiye uliyemtangaza?"

Nilikaa chini kwenye kigoda, nikalia, si kwa huruma ya mtu, kwa hofu yangu mwenyewe. Masaba alinipa daftari. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Palikuwa na mchoro wa kalamu ya risasi, mistari na namba, na upande wa shamba la Namwase, ndani ya zile hatua kumi na mbili, kisanduku kidogo chenye neno moja: kaburi.

"La nani?"

"Mume wake. Nililiona siku ile. Alikuwa amelipalilia asubuhi, nyasi bado mbichi. Nililiandika kwa mkono wangu huu. Sasa liko katikati ya miwa ya mtu. Miaka tisa anaomba ruhusa kwenda kupalilia kaburi la mumewe."

Mama Lillian hakuwa amelijua hilo. Nilimwona akilipokea. Akapangusa uso kwa kitambaa cha kichwa, kisha akakunja miguu yake, taratibu, mmoja halafu wa pili, mlango ukawa wazi.

Siku ya tano tulikuwa Buwenge asubuhi. Masaba hakuvaa buti. Hakukuwa na gari wala kipaza sauti, na wala hakuongea kwa ufundi. Alisoma namba kutoka kwenye daftari, mimi nikizigeuza kwa Kisoga, majirani wakatembea naye kama anavyowatembeza wateja wake. Isiko alikuja na watu wake wanne, akasimama pembeni amefunga mikono. Mara mbili alisema kwa sauti kubwa kwamba mtu aliyedanganya mara moja hata leo anadanganya. Mara ya pili wengine waliitikia kwa kichwa, na Isiko alikuwa na haki ya kusema vile.

"Ni kweli," Masaba akasema. "Msiniamini mimi. Chimbeni."

Aliwaonyesha mahali, ndani ya miwa. Kirunda akaomba jembe, akachimba mwenyewe. Mizizi ya luwanyi haifi upesi. Ilitoka minene, rangi ya machungwa, imekatwa juu lakini chini iko hai, na hatua tatu mbele ikatoka mingine, na mingine, mstari ulionyooka kama alivyousoma. Isiko aliondoka kabla shimo la nne halijachimbwa. Kirunda akanirudishia kitambulisho changu, na kamera akamrudishia Masaba.

Nilidhani Namwase atasema neno. Aliingia kwenye miwa peke yake, na tukasikia anakata nyasi.

Masaba aliniomba nimchapie maelezo yake kwa wakubwa wa leseni, yote, na sahihi na bosi na kiyoyozi. Nilimwambia kiyoyozi akiondoe. Akakataa. Wakamfungia leseni mwaka mmoja, na ya jela Mungu akaiepusha. Isiko alikwenda kwa wakili, wakili akasoma yale maelezo, na asubuhi moja miwa ya hatua kumi na mbili ikakutwa imekatwa, bila mtu kusema kitu.

Mwaka ule Masaba alikuwa hana ruhusa ya kupima hata bustani ya mchicha. Akawa anakaa kwenye baraza langu, ananisaidia kupanga karatasi. Nilikuwa namtazama namlilia moyoni, kwamba nimemmaliza mtu kwa kipaza sauti. Halafu wakaanza kuja. Mwalimu mmoja kutoka njia ya Buwenge, akauliza, "Ni hapa kwa yule aliyesema 'ni mimi'?" Nikamwambia amefungiwa. Akasema anajua, niandike jina lake, atasubiri. Wakaja ndugu wawili ambao hawasalimiani, kila mmoja na siku yake, wote wakimtaka yeye. Padri akaja. Mjane akaja. Daftari nililoanza kuwaandikia likafika ukurasa wa tano, na hakuna hata mmoja niliyemwita. Masaba alikuwa akiyasoma majina yale mchana, mtaa ukitulia, halafu analifunika lile daftari kwa mikono miwili na kukaa hivyo.

Mwezi wa tisa wa adhabu yake, Namwase alishuka kwenye teksi ya Buwenge. Alikuwa hajawahi kufika kwangu. Masaba alikuwa palepale nyuma ya mashine, na alipomwona alisimama kumsalimia, karatasi zikamwanguka. Jaja hakuitikia salamu yake. Alikaa kwenye benchi, akanitazama mimi. Alikuwa na uwezo wa kusema nami Kisoga, lugha yetu sote wawili, lakini alichagua Kiswahili ili yule mwingine asikie.

"Nina mabinti tatu. Nataka gawa shamba kabla sijakufa, kaka zao hapana nyang'anya wao. Andika mimi kwa hiyo kitabu."

Nikachukua kalamu.

"Jaja, kuna watu wengi mbele yako."

"Mi nasubiri." Akaelekeza kidevu kule nyuma ya mashine, bila kugeuka. "Yule, mimi bado hapana samehe yeye. Usiambie yeye kwamba nasamehe. Lakini mtu mwingine akikuja na kamera kwa shamba yangu, mimi nafukuza na panga."